Mgeni Aliyetaka Kupotea

Wenzangu wa jumuiya, tangu nirudi mmenisimamisha mlangoni pa kanisa, sokoni, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na swali lenu ni lile lile: ulikwenda kufanya nini huko juu siku tano na mzungu mmoja? Nimesimulia vipande vipande mpaka kila mtu ana hadithi yake. Mama Safari ameshawaambia watu kwamba nililala na simba. Naandika yote mara moja ili yaishe.

Kwanza mjue nilivyoondoka. Miaka kumi na moja nimetunza vyumba katika loji ile iliyo kwenye mashamba ya kahawa. Taulo naikunja inakuwa tembo au bata. Nalijaza beseni la kuogea maua, nawasha mishumaa, natoka bila mgeni kujua nilikuwamo. Mwaka huu meneja, mwanamke mwenzetu, alituita wahudumu wa vyumba, akatuambia ukweli bila kuzunguka.

“Wageni wamebadilika,” alisema. “Zamani walikuja na picha ya beseni la maua, wakasema, nataka hivi. Sasa hao hao, wenye uwezo ule ule, wanauliza kama kuna mahali pasipo na simu. Wanauliza kama wanaweza kutembea kwa miguu. Maua yanaachwa yanyauke.”

Sehemu ya vyumba ingebaki na watu watatu. Mimi sikuwamo. Lakini kulikuwa na kundi jipya la safari za miguu, na kundi lilihitaji mhudumu mwanamke. “Paskalina, nenda safari hii moja,” akaniambia. “Mgeni akiridhika, nafasi ni yako. Asiporidhika, mwisho wa mwezi tunaagana.”

Mnajua nyumbani kwetu. Baba na mama walipotutoka, nililiacha darasa la sita ili wadogo zangu wapate wa kuwapikia. Wawili wameshasimama. Tluway yuko kidato cha nne na bado ananitegemea kwa kila kitu, mpaka kalamu. Kwa hiyo nilipanda gari lile nikijua ninachokifuata.

Karatu hadi getini

Tuliondoka baada ya chai ya asubuhi. Dereva na kiongozi wetu alikuwa Lazaro, mtu wa Mbulu, ambaye mdomo wake haujui likizo. Aliponiona napakia mizigo akashika kiuno.

“Dada Paska, loji yenyewe umeiacha, au nayo imo kwenye begi?”

Nilikuwa nimebeba nilichokijua: chupa sita za mpira za kupashia kitanda joto, taulo nyeupe, kitambaa cha meza, mishumaa, na mfuko mkubwa wa maua ya waridi niliyoyachambua mwenyewe alfajiri.

Mgeni alikuwa Bi Karin, mama wa Kiswidi aliyevuka miaka sabini, mrefu, mkavu, na begi moja dogo kama la mwanafunzi. Meneja alikuwa ameninong'oneza kwamba mama huyu angeweza kuinunua loji na mashamba yake, na abaki na chenji. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa mara mbili. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye simu kwa miaka miwili, na alitaka kukitumia. Alinipa mkono, akainama kidogo, akasema:

“Shikamoo, dada.”

Mama wa umri wa bibi yangu! Nilikosa pa kuuficha uso. Kumwambia mgeni amekosea siwezi, na kuitikia ndiyo kabisa siwezi. Lazaro akaniokoa kwa njia yake.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akaitikia yeye kutoka kwenye usukani, na Bi Karin akafurahi sana kwamba ameeleweka.

Geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini, tulilifikia bado mapema, lakini tulikaa pale kwa muda mrefu. Ya karatasi siyaelezi, ni karatasi. Ninayoyaeleza ni ya nyani. Nilikuwa nimefungua kioo nipate hewa, na mkononi nimepakata ule mfuko wa waridi usipondwe. Dume moja kubwa, lenye mabega kama ya mbeba mizigo, lilitembea taratibu kama mtu mwenye shughuli zake, likaingiza mkono dirishani, likauchukua mfuko kutoka mapajani mwangu. Halikupora. Lilichukua, kama mtu anayepokea chake.

Lilipanda juu ya paa la gari jirani, likapasua mfuko, likatafuna ua moja, likatema. Kisha likaumwaga mfuko wote kwa hasira. Waridi zikaruka hewani, zikawaangukia watalii waliokuwa wanatoka msalani.

“Leo shemeji ataogea maua,” Lazaro akasema, akimwonyesha nyani jike aliyekaa chini.

Mimi machozi yalikuwa karibu. Ule mfuko ndio uliokuwa mpango wangu wa usiku wa kwanza. Nikageuka kumwomba mgeni radhi, nikamkuta amejishika mbavu kwa kucheka.

Ukingoni

Kutoka getini barabara inapanda ndani ya msitu. Miti ina ndevu za kijivu zinazoning'inia, na upande mmoja ardhi inaishia hewani. Hapa lazima niwaambie jambo ambalo nimekuwa nikilificha. Kwa miaka kumi na moja wageni wameniuliza wakati natandika vitanda: kreta ni nzuri? Nami nimejibu kila siku, “Nzuri sana, utaona mwenyewe.” Sikuwahi kuliona shimo hilo la volkano. Nimezaliwa mahali ambapo ng'ombe wakipanda kilima wanauona msitu wake, na sikuwahi kufika ukingoni.

Tulifika, na palikuwa na ukuta mweupe. Ukungu mtupu.

“Hapo chini kuna kreta,” Lazaro akasema. “Mniamini tu.”

Magari mengine yalikuja. Watu walishuka, wakaupiga picha ukungu, wakapanda, wakaondoka. Bi Karin alikaa juu ya jiwe akakunja mikono. Lazaro alitazama saa, akakohoa, akatazama tena. Alisema tunachelewa, watu wa punda wanatusubiri. Bi Karin akamjibu kwa Kiswahili chake cha simu, “Mimi subiri vizuri.”

Ilikaribia saa nzima. Halafu, bila upepo tulioweza kuuhisi, ukungu ulipasuka chini, si juu. Kwanza niliona kipande cha kijani, mbali sana, na nikadhani ni bustani ya mtu. Kikapanuka. Kikawa uwanda. Kikawa na ziwa jeupe pembeni kama bati lililoachwa juani, na vivuli vya mawingu vikitembea juu yake. Kulikuwa na vidoa vyeusi, na Lazaro akasema kila kidoa ni nyati. Kuta zilizunguka pande zote, nami nikageuka kuzifuata kwa macho mpaka shingo ikaniuma, na bado zilikuwa zinaendelea. Nilijikuta nasema Kiiraqw peke yangu. Ni kama mtu alikuwa ameuficha ulimwengu mwingine ndani ya huu wetu, nyuma ya kilima ninachokiona nikianua nguo.

Bi Karin alikuwa ananitazama mimi, si kreta.

“Mara ngapi?” akaniuliza.

Mhudumu anatakiwa ajue kila kitu. Lakini sauti ilinitoka yenyewe. “Ya kwanza, bibi.”

Alisogea pembeni ya jiwe lake, akaniachia nusu, nikakaa. Hata Lazaro alinyamaza, na hilo pia nililiona kwa mara ya kwanza.

Nainokanoka hadi Bulati

Pale Nainokanoka tuliwakuta wenzetu wawili: askari wa wanyamapori, ambaye sote tulimwita Afande, mtu wa maneno machache na bunduki kuukuu, na Lemayian, kijana wa Kimasai mwenye punda wanne ambao aliwasemesha zaidi kuliko alivyotusemesha sisi. Kutoka hapo ni miguu.

Jioni hiyo nilifanya kazi yangu kama nilivyofundishwa. Nilitandika kitanda cha hema, nikakunja taulo ikawa tembo mzuri, mkonga juu, nikaiweka juu ya mto wa kulalia. Nilitandika meza kwa kitambaa cheupe, nikapanga vijiko vitatu kila upande. Bi Karin aliingia hemani, akatoka na yule tembo mkononi, akamkunjua taratibu, akajifuta uso.

“Tembo wako nje, dada,” akasema kwa upole, akionyesha msitu.

Kisha akaipita meza yangu, akaja kukaa motoni tulipokuwa tunakula loshoro ya Lemayian, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Akaomba bakuli. Tulitazamana. Sanduku la jibini na samaki wa kopo lilikuwa limebebwa na punda mzima kwa ajili yake.

“Mama hii hajashiba jibini?” Lemayian akaniuliza.

“Hajaigusa.”

“Basi punda ilibebea nani?”

Bi Karin alikula, akaongezwa, akala. Halafu akaweka bakuli chini, akanyoosha mgongo kama mtu anayetaka kusema lililomleta, akasema:

“Mimi nataka kupotea.”

Fikirini ninyi wenyewe. Kwetu mtu hasemi hivyo. Anayesema anataka kupotea unamshika mkono, unawaita ndugu zake, unamwita na padri. Afande aliisogeza bunduki karibu na goti.

“Kupotea wapi, mama?” Lazaro akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Hapa. Nyika. Saa moja tu.”

“Saa moja ya asubuhi au ya jioni?”

Bi Karin akafikiri. “Asubuhi,” akasema, akashukuru, akaenda kulala.

Kuanzia hapo mama wa watu hakupata nafasi ya kupumua. Siku ya pili tulipanda mlima Olmoti kuona maji ya mto Munge yanavyojitupa kutoka kwenye ukingo, na Afande alikuwa mbele yake hatua mbili, Lazaro nyuma hatua mbili, mimi ubavuni. Akisimama, tunasimama. Akitazama korongo, Lazaro anashika mkoba wake. Mchana aliingia kwenye kihema cha choo, na alipofungua zipu akamkuta Lemayian amesimama nje na rungu, uso mbele, kama mlinzi wa benki.

Alirudi kwangu. Tulikuwa tumekaribia kijiji cha Bulati. Alikaa kwenye nyasi, akanyoosha mkono, akanionyesha saa nyeusi aliyokuwa ameifunga.

“Watoto wangu wamenipa hii. Inawaambia mimi niko wapi. Nyumbani watu tisa wananitazama. Dereva, nesi, mpishi, mtu wa bustani.” Akatafuta neno, hakulipata, akatumia mikono: aliiweka yote miwili shingoni mwake mwenyewe, kwa wepesi. “Mume wangu amekufa mwaka jana. Bado sijakuwa peke yangu. Hata dakika tano. Nimekuja mbali sana, dada, nipate saa moja. Hakuna mtu.”

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitukasirikia sisi sote. Hakutaka kufa wala kuondoka. Alitaka kile ambacho zamani watu wa namna yake hawakujua kukiomba, na sisi tulikuwa tumempa walinzi wanne.

Niliwaita wenzangu nyuma ya punda, nikawaeleza.

“Haiwezekani,” Lazaro akasema. “Huku kuna nyati. Mgeni akipotea, mimi ndiye ninayefungwa, si wewe.”

“Sheria ni mgeni asiachwe,” Afande akasema.

“Hataachwa,” nikasema. “Afande, wewe utatangulia na punda mmoja, unasafisha njia. Mimi nitakuwa nyuma yake hatua arobaini. Hatanisikia.”

“Paska, wewe unatembea kama trekta.”

“Lazaro, vyumba kumi na viwili kila siku, miaka kumi na moja, wageni wengine wamelala humo humo. Umewahi kusikia mmoja amesema nilimwamsha?”

Afande akatazama viatu vyangu. “Hivyo viatu vina kelele,” akasema. Ndivyo nilivyojua kwamba amekubali.

Ukungu wa Embulbul

Bonde la Embulbul ni bakuli pana la nyasi, halina mti wa kukaa chini yake, na njia iliyokanyagwa na ng'ombe inalikata katikati kuelekea Empakaai. Saa moja asubuhi tulikuwa tumeshamwaga chai. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka punda walionekana masikio tu. Lazaro alimwambia Bi Karin kwamba Afande ametangulia mbali, njia ni moja, asiiache, na sisi wengine tunafunga mahema, tutamfuata baadaye. Hakuuliza mara mbili. Aliondoka kwa haraka kama mtoto aliyefunguliwa mlango.

Nilivua viatu, nikavifunga kiunoni kwa khanga, nikahesabu mpaka arobaini, nikaingia.

Baridi ya nyasi zile sijui niieleze vipi. Ilinipanda mpaka magotini. Nilitembea pembeni ya njia, nikiweka kwanza ukingo wa unyayo, kama tunavyofanya kwenye sakafu ya mbao ya chumba namba saba. Yeye nilimwona kama kivuli cha kijivu. Akizama kabisa, niliongeza hatua. Akianza kuwa na rangi, nilipunguza. Mbele kabisa kengele ya punda ilisikika mara moja moja, laini, na baadaye hata hiyo ikapotea.

Alitembea mikono imeachana na mwili. Baada ya muda alisimama, akaivua ile saa, akaitia mfukoni. Kisha akapaza sauti, “Huuu!” Ukungu ukaimeza. Akacheka. Akapaza tena.

Pundamilia walitokea. Hawakuja, walitokea tu, kama picha inayopanda kwenye karatasi, mistari kwanza, miili baadaye. Walipita kati yangu na yeye, wanane au kumi, karibu kiasi kwamba nilisikia wanavyopumua na kunusa joto lao. Mmoja alinitazama. Nilisahau kazi na nafasi na mwisho wa mwezi, vyote. Nilisimama nimeziba mdomo kwa mkono, na sikuogopa chochote. Wakazama tena kwenye weupe.

Ndipo ilipokaribia kuharibika. Nyuma yangu alikuja mama wa Kimasai na punda wawili wa maji, shanga zikimlia shingoni. Alikuwa karibu kunifikia, na alifanya ambalo mtu yeyote wa heshima angefanya.

“Takwenya,” akanisalimu.

Mnajua kwao salamu si mchezo. Ukisalimiwa hivyo unaitikia “Iko”, tena kwa sauti, asikie vizuri kwamba uko salama nawe unamjali. Kutoitikia ni kumtukana. Kuitikia ni kumshtua mgeni wangu, na mgeni wangu alikuwa amesimama hatua arobaini mbele, ametugeuzia mgongo. Mama yule akanitazama: Mwiraqw, peku, viatu kiunoni, ananyemelea mzungu kwenye ukungu. Niliona anavyofikiri, na hakuwa anafikiria mema.

Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Nikamwonyesha Bi Karin, nikaweka kiganja kifuani, kisha nikainamisha kichwa chote mbele yake, kama watoto wao wanavyomwinamia mkubwa ili awaguse. Sikujua lingine la kufanya. Halafu kiganja chake, kigumu, chenye harufu ya moshi, kikatua utosini kwangu. Alizikusanya shanga zake kwa mkono mmoja zisilie, akawaongoza punda wake nje ya njia, akazunguka mbali kwenye nyasi. Alipopita usawa wa Bi Karin sikusikia hata kwato.

Mgeni wangu alikaa chini. Nami nilichuchumaa. Alisema maneno mengi kwa lugha yao, kwa mtu ambaye hakuwapo, mara nyingine kwa ukali, mara nyingine kama anayebembeleza. Sikuelewa hata moja, na nashukuru. Mengine aliyoyafanya ni yake, msiniulize. Nitasema yangu tu: muda ule wote hakuna aliyeniita dada, na sikujua kwamba masikio yanaweza kupumzika kiasi kile.

Empakaai, kisha chini

Ukungu ulipoanza kunyanyuka nilibaki nyuma zaidi, nikakata kupitia nyasi nikarudi kwa Lazaro na Lemayian waliokuwa wanatufuata kwa mbali, nikavaa viatu, tukaja wote kwa kelele kama watu wanaotoka kambini. Bi Karin alikuwa amesimama na Afande kwenye ukingo wa Empakaai. Uso wake ulikuwa umelowa na umefunguka. Alinipa mkono nimvute apande jiwe la mwisho.

Empakaai ni kreta nyingine, ndogo kuliko ile kubwa, lakini hii imejaa msitu kutoka juu hadi chini, na chini kabisa ziwa limelala kimya, la kijani kibichi. Ukingo wa maji ulikuwa wa rangi ya waridi. Nikasema, jamani, hata huku wanamwaga maua? Lazaro akanipa darubini. Ukingo ukatembea. Walikuwa heroe, wale ndege wa miguu mirefu, maelfu, na tulipoteremka msituni hadi ufukweni sauti yao ilikuwa kama ya soko la Karatu siku ya mnada ukilisikiliza kutoka mbali.

Siku ya nne tulikwenda kijiji cha Nayobi, na kutoka huko nikauona mlima wa Lengai umechongoka peke yake, mweupe mabegani kama umemwagiwa unga. Lemayian aliacha kusemesha punda, akauelekea, akasema maneno mawili kwa Kimaa. Siku ya tano ilikuwa kuteremka tu, vumbi, miba, joto likipanda kutoka chini kama la jiko, mpaka dereva mwingine wa loji alipotukuta bondeni na gari. Kabla ya Engaruka tairi lilipasuka. Bi Karin aliketi kwenye kivuli cha gari akala mahindi ya kuchoma aliyouziwa na watoto, akawaambia wote shikamoo.

Loji

Asubuhi iliyofuata, kabla gari la uwanja wa ndege halijafika, meneja aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi aliyoiandika Bi Karin.

“Amesifu kila kitu,” alisema. “Loshoro, punda, nyani. Lakini sikiliza hapa.” Akanisomea kwa Kiswahili, polepole. “‘Siku ya tatu nilipewa kitu ambacho sijawahi kukipata katika hoteli yoyote duniani. Kwa saa nzima hakukuwa na mtu. Hakuna mhudumu, hakuna mlinzi. Nilikuwa peke yangu kabisa.’” Akaishusha karatasi. “Paskalina, ulimwacha mgeni wa miaka sabini na kitu peke yake kwenye nyika yenye nyati?”

“Hapana, mama. Nilikuwa nyuma yake hatua arobaini.”

“Yeye anasema hakukuwa na mtu.”

“Ndiyo.”

“Mmoja wenu anasema uongo. Na yeye hana sababu ya kusema uongo.”

“Muulize Afande.”

“Afande yuko lindoni, hapatikani kwenye simu. Lazaro ni rafiki yako. Mwenyewe yuko hapo nje anakunywa chai. Nitamuuliza yeye.” Akasimama.

Nilisimama mlangoni. Sijawahi kumzuia bosi njia maishani mwangu.

“Mama, usimuulize. Ukimuuliza, atajua nilikuwapo. Atajua kuna mtu alikuwa anamtazama wakati ule wote. Alisafiri kutoka kwao kuja kuitafuta saa ile. Utakuwa umemnyang'anya.”

“Na nisipomuuliza, sina ushahidi. Sheria unaijua. Unaelewa maana yake?”

“Naelewa. Bora niondoke.”

Nilisema bora niondoke, na wakati ule ule nikamwona Tluway na sare yake ya shule mbele ya macho yangu kama amesimama pale. Lakini sikulirudisha neno.

Gari likapiga honi. Tulitoka wote. Bi Karin alinikumbatia, akamshika meneja mkono, akauliza kama kuna tatizo, kwa sababu nyuso zetu zilikuwa hivyo. Meneja akamtazama mama yule, ule uso ambao alikuwa ameupokea siku sita nyuma ukiwa umekazwa kama ngoma.

“Hakuna tatizo,” akasema. “Safari njema, karibu tena.”

Gari lilipopotea kwenye kona ya mikahawa, meneja alikunja ile karatasi mara nne.

“Sasa nionyeshe,” akasema. “Nitasimama pale katikati ya bustani, nitakupa mgongo. Wewe nenda mpaka langoni. Nikikusikia kabla hujanifikia, ukafungashe.”

Kutoka langoni hadi bustanini ni njia ya changarawe, kisha majani makavu ya miti yaliyokuwa bado hayajafagiliwa. Mpishi na watu wawili wa bustani waliacha kazi wakatazama. Nilikwenda langoni, nikavua viatu, nikaviacha pale.

Meneja alisimama kule, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande mmoja kwa kusikiliza. Alisimama muda mrefu. Aliangalia saa. Aliona nimechelewa, nadhani, au nimekata tamaa nikaondoka zangu, kwa sababu alishusha mabega, akapaza sauti kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya bonde:

“Haya, Paskalina! Anza basi!”

“Abee, mama,” nikamwitikia begani kwake.